Uzi: Kuchagua rejeta na shraudi ya feni kwa kompyuta inayopozwa na maji, niliyojifunza hapa Mwanza

NyegeziStudio:

Mwangaluka wakuu. Kuna watu kama watano wameniuliza hili jambo pembeni nikaona bora niliweke hapa lote maana kumjibu mmoja mmoja nasahau nimemwambia nani nini.

Kazi yangu ni kuedit video za harusi na sendoff, chumba kipo Nyegezi huku juu kwenye mawe, paa la bati halina silingi bodi. Kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja ndani panafika nyuzi 33, nimepima, na yale mawe nyuma ya nyumba yakishashika jua hayaachii joto mpaka usiku saa nne huko. Mashine ina prosesa ya Ryzen 9 5900X na kadi ya grafiki ya RTX 3070. Ikiwa inarenda (yaani inatengeneza video ya mwisho baada ya kuedit) prosesa inaenda mpaka wati 142 na kadi wati 220, jumla 362, yaani zaidi ya theluthi ya pasi ya umeme ya wati elfu moja imefungiwa ndani ya kasha la chuma masaa sita mfululizo. Nikahamia kwenye maji, yaani pampu inazungusha maji yapite kwenye bloku (kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa au kadi), yanabeba joto mpaka kwenye rejeta, na feni zinalitoa hapo.

Sasa kitu ninachotaka mnielewe ndugu zangu ni hiki, watu wanamaliza hela kununua rejeta kubwa na nene wakati rejeta waliyonayo hewa haiipiti hata theluthi mbili. Maji yenyewe wala hayana shida. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika na ukayatupia wati 362, yanapanda nyuzi moja na kidogo tu kutoka kuingia mpaka kutoka, ndo maana hata mabishano ya kipi kitangulie, prosesa au kadi, mimi huwa sikai kwenye hayo. Kazi ngumu ni kulitoa joto kwenye maji kulipeleka kwenye hewa, na hiyo kazi ni ya rejeta na feni peke yake.

Chukua feni ya milimita 120 uitazame kwa mbele. Katikati pana kitovu cha mota, kipenyo kama milimita 40, hapo hakuna upepo unaotoka. Kwenye kona nne nako panga hazifiki sababu panga zinachora duara na rejeta ni mraba. Nimepiga hesabu, panga zinafagia kama asilimia 65 ya ule mraba. Ukiibana feni moja kwa moja kwenye rejeta basi ile asilimia 35 inabaki inapata upepo wa kuokoteza, na ni rejeta uliyoilipia hela kamili. Shraudi ni kiboksi tu kitupu kinachokaa kati ya feni na rejeta, kinaisogeza feni nyuma sentimita mbili au tatu, hewa inapata nafasi ya kutawanyika kabla haijaingia kwenye fini, yale mabati membamba ya rejeta. Hamna maajabu zaidi ya hapo.

Yangu nilitengeneza kwa feni mbovu. Unachukua feni iliyokufa ya 120 unene milimita 25, unakata zile nguzo zinazoshika mota unatoa kila kitu cha katikati, unabaki na fremu. Hiyo fremu ndo shraudi tayari, matundu yapo sehemu yake (milimita 105 kutoka tundu mpaka tundu), inakaa kama imezaliwa hapo. Feni mbovu zipo nyingi tu kwa mafundi kompyuta, mimi nilipewa tatu bure kwa fundi mmoja mjini alikuwa anazitupa. Kati ya fremu na rejeta nimeweka mpira wa tyubu ya baiskeli nimeukata kama fremu ya picha, hewa isivujie pembeni.

Nikapima siku mbili mfululizo, chumba nyuzi 29, kazi ile ile ya kurenda nusu saa. Bila shraudi maji yalitulia nyuzi 42. Na shraudi yakatulia 40, feni zile zile mwendo ule ule mizunguko 1100 kwa dakika. Nyuzi mbili unaweza kuona ndogo ila zimetoka kwenye vitu vya kutupwa. Na mlio nao umebadilika, ule mlio wa kama kufoka panga zikiwa karibu na fini umeondoka, huo ndo ulikuwa unanikera kuliko joto lenyewe maana nafanya kazi ya sauti pia.

Rejeta sasa. Angalia mambo matatu. La kwanza eneo. Namba ni urefu wa feni zikipangwa, kwa milimita: 240 ni feni mbili za 120, 280 ni mbili za 140, 360 ni tatu za 120. Ya 240 ina sentimita za mraba 288, ya 280 ina 392, ya 360 ina 432. Kwa hiyo ya 280 inakaribia kabisa ya 360 na inatumia feni mbili badala ya tatu, kama kasha lako linapokea feni za 140 hiyo ndo ningekushauri kabla ya yote. La pili fini, yale mabati membamba yaliyokunjwakunjwa katikati ya mirija. Kuna rejeta zenye fini 10 mpaka 14 kwa inchi, kuna zenye 20 na kuendelea. Zilizosongamana zinatoa joto vizuri lakini zinataka feni yenye nguvu ya kusukuma, ukiziwekea feni ya polepole upepo unagonga unarudi. Kwa sisi wa ziwani chukua fini chache, sababu nitaieleza chini. La tatu madini, na hapa naomba sana msome vizuri: kama bloku yako ni ya shaba basi rejeta nayo iwe ya shaba. Ukichanganya shaba na aluminiamu kwenye maji yale yale umetengeneza betri, aluminiamu inaliwa taratibu na maji yanageuka uji wa kijivu. Rejeta nyingi za vile vipozeo vya maji vinavyokuja vimefungwa tayari ni aluminiamu, usitoe rejeta huko ukaifunga kwenye bloku ya shaba.

Unene? Ya milimita 30 inatosha watu wengi. Ya 60 inataka feni pande zote mbili au feni za kasi, na ukiiongezea shraudi imekula nusu ya kasha.

Kuhusu hewa yetu, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar kama kwa sehemu moja ya nane, kwa hiyo feni ile ile ikizunguka mwendo ule ule inabeba joto pungufu kidogo. Feni zako tatu zikipitisha jumla mita za ujazo 150 kwa saa, hewa inatoka nyuma ikiwa imeongezeka nyuzi 8 na nusu hivi kwa mzigo wangu, Dar ingekuwa 7 na nusu. Tofauti ndogo, lakini ukisoma vipimo vya watu wa pwani au wa nje usishangae vyako vikiwa juu kidogo.

Karibuni tujadili.

KijanaIgoma:

Mkuu umeeleza vizuri ila mimi napingana kidogo kwenye shraudi. Nimeona feni za sasa zile za kusukuma kama Arctic P12 zinafanya kazi vizuri tu zikibanwa kwenye rejeta, tena shraudi inaongeza urefu kasha linashindwa kufunga. Je huo muda wa kukata feni si bora mtu aongeze hela achukue rejeta ya 360?

NyegeziStudio:

@KijanaIgoma hoja yako ni ya kweli na nafasi ndani ya kasha ndo swali la kwanza kabisa, kama hauna sentimita mbili na nusu za kusogea basi achana nayo. Na ukiwa na feni nzuri ya kusukuma halafu rejeta ni nyembamba yenye fini chache, faida ya shraudi inapungua, hilo nakubali. Ila angalia feni ikiwa inavuta badala ya kusukuma, yaani ipo nyuma ya rejeta inanyonya hewa ipite kwenye fini. Hapo shraudi inakuwa kama chumba cha kunyonyea, presha inashuka sawasawa ndani ya boksi zima na hewa inaingia kwenye rejeta kila kona. Mimi nimefunga hivyo na sababu nyingine ni usafi, uso wa rejeta unabaki wazi napitisha brashi ya rangi bila kufungua skrubu hata moja. Rejeta ya 360 ni nzuri kama unayo hela, lakini nayo ukiibana feni zake utapoteza ile ile asilimia 35 mara tatu.

Fundi_Buzuruga:

Mimi ni fundi magari kompyuta sijui sana lakini hili la kava ya feni nimelisoma nikasema huyu jamaa anajua. Kuna gari zinaletwa hapa, utasikia bosi inachemsha nikiwa kwenye foleni, barabara kuu ikikimbia haichemshi. Unafungua boneti unakuta fundi aliyepita ametoa kava ya feni akaitupa sababu ilivunjika au ilimsumbua kuifunga. Feni inazunguka vizuri tu lakini inavuta hewa ya pembeni, ya kwenye injini, haivuti kupitia rejeta. Gari ikikimbia upepo unaingia wenyewe mbele ndo maana haichemshi. Wateja wamebadilisha thermostati, wamebadilisha pampu, wamebadilisha mpaka gasketi, kumbe ni plastiki tu ilitolewa. Nawaambia kila siku.

Swali langu kwa mleta uzi, kwanini msitumie rejeta ya hita ya gari? Hizi gari za Japani zote zinakuja na hita chini ya dashbodi na huku hakuna anayewasha hita maisha yake yote.

NyegeziStudio:

Fundi wabeja sana, huo mfano wa foleni ni bora kuliko maelezo yangu yote.

Hita ya gari ndo walikoanzia watu wa hizi mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 rejeta za kompyuta za dukani zilikuwa chache, Wamarekani walikuwa wanatafuta hita za magari ya zamani, ya Pontiac Bonneville ya 1977 ilisifika sana, wanachomelea nozo zao wanafunga feni. Na shraudi ilikuwa lazima sababu hita haina umbo la feni, moja ndefu moja pana, lazima utengeneze boksi la kuunganisha. Kwa hiyo inawezekana kabisa. Lakini fundi nisaidie na wewe kuwaambia watu, hita za gari za miaka ya karibuni nyingi ni aluminiamu yenye tenki za plastiki au siyo?

Fundi_Buzuruga:

Kweli nyingi ni aluminiamu. Za shaba utazipata kwenye gari za zamani sana. Utazijua kwa rangi ukikwangua kidogo, na kwa uzito. Ukipata ya shaba chukua usiiache, ile hata ikitoboka mafundi rejeta wanaziba kwa risasi na inapona kabisa, aluminiamu wengi watakupaka gundi tu. Na kabla hujafunga kwenye kompyuta jaza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, ziba upande mmoja, zamisha kwenye karai la maji kama wanavyotafuta pancha. Upepo kidogo tu usiijaze kama tairi. Hata kama ni mpya ipime.

MamaKeki_Pasiansi:

Habari za humu. Mimi mwanangu ndo anafanya haya mambo na ameniomba hela ya rejeta ndo nikaja kusoma. Nilitaka kujua umesema fini chache kwa sisi wa ziwani na ukasema utaeleza chini, sijaona ulipoeleza.

NyegeziStudio:

Shikamoo mama. Samahani nilipitiliza. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi ukiwa mbali ukadhani kuna kitu kinaungua. Wakija usiku wanafuata taa, na mashine ikiwa karibu na dirisha lenye mwanga feni inawanyonya. Ni walaini na wana unyevunyevu, wanabandika kwenye fini, juu yao inakuja vumbi, baada ya wiki mbili una blanketi. Rejeta ya fini 20 na kitu kwa inchi hiyo hauiwezi kuisafisha, brashi haiingii. Ya fini 10 au 12 unapuliza kwa pampu upande wa nyuma wanatoka. Nimeweka pia chujio mbele, kipande cha soksi ndefu za kike za nailoni nimekivutia kwenye fremu, nafua kila Jumapili. Chandarua matundu yake ni makubwa wanapita. Na ujue chujio lolote linapunguza upepo kwa hiyo usiweke mawili.

Kijana akisema anataka rejeta mwambie akuonyeshe kwanza vipimo vya kasha, mama. Wengi wananunua halafu haiingii.

MamaKeki_Pasiansi:

Marahaba mwanangu. Nimemuuliza hakuwa amepima. Sasa hivi yupo na rula.

Musoma_Mjini:

Wadau mimi nakaa karibu kabisa na maji, mita kama arobaini hivi. Nimewaza kwa nini nihangaike na rejeta na feni wakati ziwa lote lile lipo? Napitisha pampu maji yaje yapoze yarudi. Maji ya ziwa hayafiki hata nyuzi 27.

NyegeziStudio:

Mkuu kwa joto uko sahihi, juu ya maji ni kama nyuzi 24 mpaka 26 mwaka mzima, hakuna rejeta itakupa hiyo kwenye chumba cha bati. Shida ni yaliyomo. Bloku ya prosesa ina mifereji myembamba chini ya milimita moja, mwani na mchanga wa ziwa vitaziba ndani ya siku chache. Ukitaka kwa nguvu inabidi maji ya kompyuta yawe kwenye mzunguko wake yamefungwa halafu ya ziwa yapite nje ya koili yakiyapoza, na bado kila pampu ikiziba ni wewe wa kuingia kwenye maji kuisafisha, na kichocho kipo kwenye hizi fukwe zetu wote tunajua. Pia ukipoza chini sana vyuma vinatoka jasho. Siku ya nyuzi 28 yenye unyevu asilimia 70, kitu chochote kikishuka chini ya nyuzi 22 kinaanza kudondosha maji juu ya bodi. Ziwa halikufikishi huko lakini kuna mtu atasoma hapa akaweka barafu kwenye ndoo, nimeona nimuwahi.

Ndani ya mzunguko weka maji yaliyotoneshwa. Kwenye vituo vya mafuta yapo ya kuongezea betri, soma kibandiko mara mbili maana chupa ya asidi ya betri inakaa rafu hiyo hiyo na zinafanana. Bomba la nyumbani hapana, lina chumvi. Na mpira wa maji ukiwa mweusi usiopitisha mwanga mwani haupati nafasi.

KijanaIgoma:

Sawa nimeelewa na nimebadili mawazo kidogo. Nina feni mbovu mbili hapa nimeshazikata. Sasa nakwama kwenye skrubu. Fremu inatumia matundu yale yale na feni, nachukua ndefu inapita zote mbili au?

NyegeziStudio:

Hapa simama kidogo kaka usifunge bado, hapa ndo niliumia.

Rejeta yangu ya kwanza niliifungia skrubu za milimita 35 sababu ndo nilizopata. Feni ni 25, ikabaki milimita 10 inaingia kwenye rejeta, na ile rejeta haikuwa na kibati cha kuzuia chini ya matundu. Skrubu ikaenda moja kwa moja kwenye mrija. Sikujua siku hiyo, ilikuwa inavuja tone moja kwa dakika kadhaa, nikagundua asubuhi maji yapo juu ya kadi ya grafiki na kazi ya bwana harusi ilikuwa inatakiwa Ijumaa. Kadi ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika usiku ule. Rejeta ilizibwa kwa risasi, namshukuru Mungu ilikuwa ya shaba.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Skrubu iingie kwenye rejeta milimita 4 au 5 basi. Feni peke yake chukua skrubu za 30. Feni na fremu zote mbili chukua za 55, ukizikosa ndefu hizo usiweke za 60, fanya hivi: kama fremu yako ina kona wazi, yaani katikati ya ukingo wa mbele na wa nyuma bisibisi inapita, funga ukingo wa nyuma kwenye rejeta kwa skrubu fupi ya milimita 8 (ukingo una kama milimita 4, zinabaki 4), halafu feni uifunge kwenye ukingo wa mbele kwa bolti na nati zake. Skrubu zilizokuja na rejeta angalia kama ni M3 au M4 au zile za nyuzi za Kimarekani 6-32, zinakaribiana sana kwa macho lakini ukilazimisha unaharibu nyuzi za rejeta. Jaribu kwa vidole kwanza, isipoingia kwa vidole siyo yenyewe.

KijanaIgoma:

Fremu zangu kona zimezibwa. Na skrubu za 55 nimezunguka Makoroboi nzima hakuna.

Fundi_Buzuruga:

Chukua fimbo ya nyuzi ya M3 kama rejeta yako ni M3, inauzwa ndefu, unakata kwa msumeno wa chuma vipande vinne kwa kila feni. Kabla hujakata zungushia nati mbili, ukimaliza kukata unazitoa zinasafisha nyuzi. Mbele unafunga nati.

NyegeziStudio:

Hiyo ni safi kuliko yangu. Ila kata milimita 58, tano ziingie kwenye rejeta na tatu za nati, na weka alama ya kalamu kwenye tano ili uone ikifika usizidishe, fimbo haina kichwa cha kukuzuia. Washa pampu peke yake bila kompyuta masaa 24, tandika tishu nyeupe chini ya kila kiungio. Halafu ukishamaliza choma kijiti cha udi ukipitishe pembeni mwa shraudi feni zikiwa zinazunguka, moshi ukiingia kwenye ufa hapo ndo mpira haujakaa vizuri.

KijanaIgoma:

Nimekata zote, mpira nimeweka, pampu inazunguka tangu jana jioni tishu zote kavu. Udi umeonyesha kona moja ya kulia moshi unaingia, nakata mpira mwingine.